Kibao cha Babu na Nyota Isiyoonekana Dunga

SWALI: Salamu, mzee wangu. Babu alipakua mizigo Bandari ya Kale, Mombasa, kabla ya uhuru, kisha akarudi nyumbani Nyanza. Katika vitu alivyoacha kuna kibao chembamba cha mti, sentimita 10 kwenda juu. Kimetobolewa katikati na kupitishwa kamba yenye mafundo matatu. Nimeyapima kutoka kwenye kibao: la kwanza liko sentimita 24, la pili 30, la tatu 44 na nusu. Niliambiwa mabaharia walikitumia kupima Nyota ya Kaskazini. Mimi ni mvuvi wa omena hapa Dunga, Kisumu, nyota nazijua kiasi. Nimekijaribu mara tatu usiku nikiwa mashuani, na hiyo nyota siioni kabisa. Kibao kimeharibika, au ni mimi? Na kama kibao na kamba vilitosha kuvuka bahari, mbona Wazungu walihangaika na vyombo vya vioo na saa za bei ya nyumba?

JIBU: Kibao hakina kasoro na wewe huna kosa. Kosa ni la Kisumu, kama mji unaweza kulaumiwa kwa mahali ulipojengwa.

Kifaa ulicho nacho Waarabu walikiita kamal. Mimi nitakiita kamali, kwa herufi L. Ile ya R ni ya kupotezea mshahara. Kazi yake ni moja tu: kupima nyota imeinuka kiasi gani juu ya upeo wa macho, pale maji yanapokutana na mbingu. Unauma fundo kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka kamba ikaze, unaweka ukingo wa chini juu ya upeo, kisha unatazama kama nyota imegusa ukingo wa juu. Ikigusa, uko mahali ambapo fundo hilo lilifungiwa. Ikiwa juu ya kibao, umezidi kaskazini. Ikijificha nyuma yake, uko kusini mno.

Siri iko kwenye Nyota ya Kaskazini yenyewe. Imesimama karibu kabisa na ncha ya mbingu, kwa hiyo urefu wake juu ya upeo ni karibu sawa na latitudo ya mtazamaji. Aliye digrii 20 kaskazini ya ikweta huiona digrii 20 juu. Sasa, Kisumu iko wapi? Dakika 6 za digrii kusini ya ikweta, yaani kilomita 11 hivi. Ukipanda matatu ya Maseno unaivuka ikweta kabla hujamaliza kuongea na jirani. Kwako nyota hiyo inalala sakafuni mwa mbingu, ndani ya ukungu na vumbi, nyuma ya vilima vya Maragoli. Hata darubini haitakusaidia.

Lakini mafundo ya babu yamenifanya nichukue kalamu. Kibao kina sentimita 10, nusu yake ni 5. Gawa 5 kwa umbali wa fundo, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, kisha izidishe mara mbili. Simu yako ina kikokotoo cha kufanya hivyo. Fundo la sentimita 24 lilinipa digrii 23.5 na kidogo. Muscat iko digrii 23 na dakika 37. Nikasema ni bahati tu. Fundo la sentimita 30 likanipa digrii 18.9, nami nikakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu hiyo ni Mumbai. La tatu, la 44 na nusu, likatoka digrii 12.8. Aden.

Muscat, Mumbai, Aden. Hiyo ni njia ya jahazi la biashara, imefungwa kwenye kamba kama orodha ya vituo vya basi. Babu yako hakuokota mti. Mtu wa jahazi lililoshuka Mombasa na kaskazi alimpa, au alimuuzia, au alimwachia kama dhamana ya deni ambalo hakurudi kulilipa.

Kuna hitilafu ndogo, nami nitaisema kabla hujaniandikia. Kamba huanzia kwenye meno na jicho liko juu kidogo, hivyo hesabu yangu ni ya makadirio. Tena nyota yenyewe haijakaa kwenye ncha barabara. Leo iko mbali na ncha kwa theluthi mbili hivi za digrii, lakini mwaka 1500 ilikuwa mbali kwa digrii 3 na nusu, kwa sababu mhimili wa dunia unazunguka taratibu kama pia inayochoka. Manahodha wa kale walijua nyota hupanda au hushuka kiasi gani kwa saa fulani za usiku, wakarekebisha. Kwamba mafundo yako yanaangukia bandari hizo tatu bila marekebisho kunanifanya niamini kamba hii si ya kale sana. Usimpe mtu wa mnada akakuambia ni ya miaka mia tano.

Wenyewe hawakuhesabu kwa digrii. Walihesabu kwa isba, yaani kidole: upana wa kidole kimoja mkono ukiwa umenyooshwa. Duara zima lilikuwa na isba 224, kwa hiyo kidole kimoja ni digrii 1 na dakika 36 hivi. Kipimo kilianzia mwilini, kibao kikaja baadaye kukitia nidhamu.

Sasa jiulize kwa nini hakuna fundo la Mombasa. Babu alikipata kibao pale pale, na bandari hiyo haimo! Mombasa iko digrii 4 kusini, Malindi 3, Lamu 2. Katika pwani yote ya Kenya nyota hiyo haionekani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi wa kumvusha hadi India. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na Jumapili ya tarehe 29 mwandishi aliyekuwa melini akaandika kwamba wameiona tena Nyota ya Kaskazini. Siku tano za kusi mgongoni na mbingu imebadilika. Tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut, pwani ya India.

Hapo niseme jambo linaloniudhi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Mimi siamini. Maandishi ya Wareno yanamtaja mtu wa Gujarat, na mwanahistoria wao João de Barros anampa jina Malemo Caná. Malemo! Mswahili yeyote anasikia "mwalimu" humo, maana mwalimu wa chombo ndiye aliyeshika njia, na nahodha alishika chombo na watu. Barros anasimulia kwamba alipoonyeshwa astrolabu za Wareno hakushangaa hata kidogo, akatoa chombo chake mwenyewe cha vibao vitatu. Ndugu wa kibao chako, bila shaka.

Waliosafiri kusini zaidi walihamia nyota nyingine. Walipima Farkadi mbili, zile zinazozunguka karibu na ncha ya kaskazini lakini zinapanda juu zaidi, na kusini wakapima Suheli, nyota angavu sana. Waswahili wa pwani walilichukua jina hilo hata likawa na maana ya upande wa kusini wenyewe. Farkadi ziweke kichwani, tutazirudia.

Nije kwenye swali lako la pili.

Kamali ina mipaka mitatu. Kwanza, haifai kwa jua. Ukilitazama moja kwa moja utapofuka. Pili, chombo kikiyumba na kibao kinayumba, na kosa la digrii moja ni kilomita 111, mbali kuliko Kisumu hadi Eldoret kwa mstari ulionyooka. Tatu, nayo ndiyo kubwa, inakuambia uko wapi kaskazini na kusini tu. Mashariki na magharibi haijui lolote.

Watu wa bahari yetu hawakuumizwa sana na huo wa tatu. Pwani ya India imelala kaskazini-kusini kama ukuta. Unapanda mpaka nyota iguse fundo lako, unageuza mashariki, unalishika fundo hilo njia nzima, na ukuta utakutana nao tu. Ukikaribia, maji hubadilika rangi na nyoka wa baharini huonekana. Upepo wenyewe una msimu na njia yake. Aliyekuwa taabani ni Mreno au Mwingereza aliyetafuta kisiwa kidogo katikati ya Atlantiki.

Wareno waligeukia kupima jua. Astrolabu ya baharini ni pete nzito ya shaba, inaning'inizwa kwa kidole, ina mkono wenye vitundu viwili ambao unauzungusha mpaka mwali wa jua upite katika vyote viwili. Waliitoboa katikati ili upepo usiisukume. Moja iliyopatikana mwaka 2014 pwani ya Oman, kwenye meli ya Kireno iliyozama 1503, ina upana wa sentimita 17 na nusu na uzito wa gramu 344. Kidogo hivyo, kwenye sitaha inayopanda na kushuka! Da Gama mwenyewe, Novemba 1497, alishuka pwani ya Afrika Kusini akasimamisha astrolabu kubwa ya mti juu ya miguu mitatu, kwa sababu melini haikukaa tuli. Baadaye ikaja fimbo ya msalaba iliyoharibu macho ya watu, na mnamo 1594 Mwingereza John Davis akaeleza fimbo ya kupima jua ukiwa umeligeuzia mgongo, kwa kutazama kivuli. Ni akili nzuri, lakini bado mikono miwili inapigana na mawimbi.

Vioo ndivyo vilivyomaliza vita hivyo, na hapa naomba ufanye jaribio. Chukua kioo cha kujitazamia, rusha mwali wa jua ukutani. Kigeuze kidogo sana. Umeona ule mwanga unavyokimbia? Kioo kikigeuka digrii 1, mwali unageuka 2. Mwaka 1731 John Hadley wa London alionyesha chombo chenye kioo kimoja kinachogeuka na kingine kilichotulia, ambacho nusu yake imeachwa wazi. Huko Philadelphia, Thomas Godfrey alikuwa amefika pale pale kivyake. Kupitia sehemu iliyo wazi unaona upeo wa maji. Kupitia kioo unaliona jua limeshushwa kutoka juu. Unasogeza mkono mpaka jua likae juu ya maji kama yai kwenye sahani. Meli ikiyumba, vyote viwili vinayumba pamoja, havitengani. Tao la chombo hicho ni sehemu ya nane ya duara, ndiyo maana kikaitwa oktanti, na kwa sababu ya kuzidisha mara mbili kinapima digrii 90. Mwaka 1757 nahodha John Campbell akataka tao la sehemu ya sita, linalopima 120. Hiyo ndiyo sekstanti. Fundi John Bird ndiye aliyemtengenezea.

Mimi nimeishika miaka mingi, na ilinifedhehesha mapema. Nilikuwa kadeti, tukipita Ras Hafun, Somalia, maili 8 kutoka nchi kavu. Kila sekstanti ina kosa lake la sifuri, na ile yetu ilikuwa na dakika 5 za pembe ambazo nilipaswa kuziongeza. Nikazitoa. Dakika moja ni maili moja ya baharini, na kutoa 5 mahali pa kuongeza 5 ni kosa la maili 10. Jua la asubuhi lilikuwa mashariki, kwa hiyo kosa lote lilinisukuma magharibi. Nikampelekea nahodha ramani yenye meli yake maili 2 ndani ya jangwa. Aliitazama kwa utulivu, akaniuliza kama magurudumu tumeyakodi au tumenunua.

Sekstanti haikumaliza mambo, kwa sababu mashariki na magharibi ni suala la saa. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, digrii 1 kwa dakika 4. Ukijua jua limefika kileleni kwako, na ukajua wakati huo huo saa ya Greenwich, Uingereza, inasema nini, tofauti ndiyo longitudo yako. Hesabu ni ya mtoto. Tabu ilikuwa saa yenyewe. Kwenye ikweta, kosa la sekunde 4 linakuhamisha maili nzima, na saa za pendulo hazivumilii mawimbi. Bunge la Uingereza likaweka zawadi ya hadi pauni 20,000 mwaka 1714. John Harrison, seremala kwa kazi, alihangaika miongo kadhaa, na saa yake ya nne, iliyokamilika 1759, ina upana wa sentimita 13 tu. Ilipopelekwa Jamaika 1761 ilikosea kwa sekunde 5 hivi. Nakala yake, iliyotengenezwa na Larcum Kendall, ndiyo nahodha James Cook aliyosafiri nayo 1772. Kendall alilipwa pauni 450 kwa saa hiyo, zaidi ya sehemu ya kumi ya bei ya meli nzima. Kwa hiyo, ndugu, hukukosea uliposema bei ya nyumba.

Wasio na pesa hizo walipima umbali wa mwezi kutoka kwenye jua au nyota, kwa jedwali zilizoanza kuchapishwa kwa mwaka 1767. Ilikuwa hesabu ya saa nzima au zaidi. Siwaonei wivu.

Wewe unaweza kuipata longitudo ya Kisumu kwa uzi na simu. Saa yetu ya Kenya imewekwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, lakini Kisumu iko 34 na robo tatu. Ndiyo maana saa sita kamili jua la Kisumu halijafika katikati; kwa wastani linafika saa sita na dakika 41. Mnamo tarehe 20 Machi huchelewa zaidi, mpaka saa sita na dakika 48 hivi, na siku hiyo linapita utosini. Ning'iniza jiwe kwa uzi wa mita 2 na utazame kivuli cha ncha ya juu ya uzi. Asubuhi kiko magharibi. Kitakuja kuelekea kwenye jiwe, karibu sentimita moja kila dakika, kitalipita na kuhamia mashariki. Andika dakika kilipopita. Ondoa zile 7 za mwezi wa Machi. Zinazozidi saa sita, zigawe kwa 4, kisha uzitoe kwenye 45.

Usijaribu kulipima jua hilo kwa sekstanti na sinia la maji, kama walivyofanya wasafiri wa bara wasio na upeo wa bahari. Njia ile hupima pembe kati ya jua na kivuli chake ndani ya sinia, yaani mara mbili ya urefu wake. Kisumu jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 66 mwaka mzima. Mara mbili yake ni zaidi ya 130, na tao limeisha. Karibu na ikweta ilibidi mtu angoje nyota.

Tumerudi kwenye nyota, basi. Kamba ya babu usiifunge fundo la nne, nakuomba. Chonga kibao kingine cha sentimita 10, ufunge fundo moja sentimita 35 na nusu. Ile Farkadi inayong'aa zaidi, kwa latitudo ya Kisumu, hupanda mpaka digrii 16 upande wa kaskazini na haizidi hapo. Katikati ya Juni hufika kileleni mnamo saa nne usiku. Dunga hapafai, mji na vilima vinaziba. Nje ya kisiwa cha Mfangano, ukitazama kaskazini, una maji matupu mpaka upeo. Huko utakuwa umeshuka kusini kidogo na nyota itapungua kwa theluthi ya digrii, kitu ambacho kibao hakitakionyesha. Unachohitaji ni mwezi, kwa sababu bila mwanga huwezi kuona maji yanapoishia, na usiku wa giza taa zenu za omena zinachanganyika na nyota hata mimi nashindwa kutofautisha. Nenda siku zile za mbalamwezi ambapo omena hawafuati taa nanyi mnakaa nyumbani kushona nyavu. Mwenzako ashike kasia, wewe uma fundo, kisha uniandikie nyota ilikaa wapi kwenye kibao.